Jinsi ya kuushika msamiati wa serikali ya Marekani kabla ya intavyuu ya uraia

Wengi wakianza kujiandaa na mtihani wa uraia wa Marekani wanaprinti ile orodha ya maswali, wanaanza namba 1, wanakariri jibu, wanahamia namba 2, wakifika 60 huko yale ya mwanzo yameshayeyuka. Wala vichwa vyao sio vibovu, shida ni kwamba maneno yenyewe yamekaa kila moja kivyake, Seneti huku, veto kule, marekebisho ya katiba sijui wapi, hakuna kinachoyashikanisha. Njia ninayoiamini mimi ni kuanza na watu na kazi zao, yaani nani anafanya nini na nani ana uwezo wa kumkatalia, ukishajua hapo maneno mengi utayakuta umeshayabeba bila kujilazimisha.

Kwanza ujue unafanya mtihani upi maana siku hizi iko miwili. Kama ulituma fomu N-400, ile ya kuomba uraia, kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 unafanya ule mpya, wenye maswali 128 ya kujiandaa, ofisa anakuuliza mpaka 20 na unatakiwa upate 12, ukifikisha 12 anaacha, na ukikosa 9 pia anaacha. Aliyetuma kabla ya tarehe hiyo anabaki na ule wa 2008, maswali 100, anaulizwa mpaka 10 na anatakiwa apate 6. Yote miwili ni ya mdomo, hakuna a b c d za kubahatisha. Idara ya uhamiaji, USCIS, wameweka orodha nzima na majibu yake bure kwenye tovuti yao, kwa hiyo mtu akitaka kukuuzia hayo maswali mpite tu.

Halafu kuna wazee wetu. Mwenye miaka 50 aliyekaa na grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, miaka 20, au mwenye 55 aliyekaa nayo miaka 15, anasamehewa Kiingereza, maswali ya serikali anayajibu kwa lugha yake kupitia mkalimani. Mwenye 65 na miaka 20 ya grini kadi anapunguziwa zaidi, ana maswali yake 20 tu ya kusoma, yamewekewa alama ya nyota, anaulizwa 10 na anatakiwa apate 6. Kama unamsaidia mama au babu aliye kwenye kundi hilo basi maneno ya Kiswahili yaliyopo hapa ndo hayohayo atakayoyatumia mbele ya ofisa, na ni muhimu akae na mkalimani wake mapema wakubaliane, maana mtu wa Bukavu na mtu wa Mombasa wanaweza wakakiita kitu kimoja majina mawili tofauti. Neno linalosumbua kuliko yote ni "bunge". Wengine wakisema bunge wanamaanisha Kongresi yote, yaani chombo kizima cha kutunga sheria, wengine wanamaanisha lile baraza moja la chini tu. Ofisa anauliza Kongresi ina sehemu mbili zipi, mzee anajibu "bunge na seneti", mkalimani anatafsiri "Kongresi na Seneti", jibu limeshaharibika wakati mzee alikuwa anajua kabisa. Mzoeshe kusema Kongresi kwa chombo chote, na Baraza la Wawakilishi na Seneti kwa zile sehemu mbili.

Fuata muswada mmoja tangu unazaliwa

Hapa ndo pa kutumia muda mwingi, maana safari ya muswada inabeba karibu theluthi ya msamiati wote.

Tuseme mjumbe mmoja wa Baraza la Wawakilishi ana wazo lake la sheria. Anaandikisha muswada, anaingia ukumbini, pembeni ya meza ya karani kuna kisanduku cha mbao, anadumbukiza karatasi zake humo. Basi, muswada umeshaingia, hakuna hotuba wala makofi. Unapewa namba inayoanza na H.R., na ungetokea Seneti ungeanza na S., kwa hiyo ukisikia kwenye habari "H.R. namba fulani" unajua moja kwa moja umeanzia wapi. Unapelekwa kwenye kamati, yaani kikundi cha wajumbe wanaoshughulika na eneo moja, kilimo, kodi, majeshi na kadhalika, na miswada mingi inafia hapohapo bila hata kupigiwa kura. Ukitoka salama unaenda kwa baraza zima.

Baraza la Wawakilishi lina wajumbe 435 wenye haki ya kupiga kura, kila mmoja anachaguliwa kwa miaka 2, na idadi ya kila jimbo inategemea wingi wa watu wake kwa mujibu wa sensa inayofanyika kila miaka 10. California sasa hivi ina 52, Wyoming ina mmoja. Seneti yenyewe haijali wingi wa watu, kila jimbo linapeleka maseneta wawili, majimbo 50 kwa hiyo maseneta 100, na wanakaa miaka 6. Mtihani unapenda sana kuuliza kwa nini jimbo moja lina wawakilishi wengi kuliko jingine, na jibu ni idadi ya watu, hapo hapana ujanja mwingine. Na angalizo, nikisema jimbo hapa namaanisha moja ya yale 50, Texas, Ohio, Minnesota. Wengi tumezoea jimbo kuwa eneo la mbunge, huku eneo la mjumbe wa Baraza la Wawakilishi linaitwa distrikti, usizichanganye.

Muswada ukifika Seneti unakutana na kitu kinaitwa filibasta, yaani kuurefusha mjadala ili kura isifikiwe. Kwenye mtihani huenda usiulizwe ila bila hicho habari za Washington huzielewi. Kupitisha sheria kunahitaji wingi wa kawaida tu, lakini kufunga mjadala ili mfike kwenye kura kunahitaji maseneta 60, kwa hiyo chama chenye 53 kinaonekana kimeshinda uchaguzi na bado miswada yake inakwama. Zamani seneta alitakiwa asimame aongee kweli, na Strom Thurmond wa South Carolina mwaka 1957 aliongea saa 24 na dakika 18 kuupinga muswada wa haki za kiraia, na pamoja na yote hayo muswada ukapita. Siku hizi mara nyingi inatosha kutishia tu.

Mabaraza yote mawili yakishapitisha maandishi yaleyale, neno kwa neno, ndo muswada unaenda kwa rais. Rais akisaini, ni sheria. Akikataa anaurudisha na sababu zake, hiyo ndo veto, na Kongresi inaweza kuipindua ikipata theluthi mbili kwenye kila baraza, jambo ambalo ni gumu ndo maana veto ina nguvu. Akikaa nao kimya siku 10, Jumapili hazihesabiwi, unakuwa sheria bila saini yake, isipokuwa kama Kongresi imeshafunga kikao katikati ya siku hizo, hapo muswada unakufa na wanaiita veto ya mfukoni.

Na haijaisha. Mtu akiona sheria hiyo inavunja katiba anaenda mahakamani, kesi inapanda mpaka inaweza kufika Mahakama ya Juu, majaji 9, na wakisema inapingana na katiba basi haina kazi tena. Mamlaka hayo mahakama iliyasimika kwenye kesi ya Marbury dhidi ya Madison mwaka 1803. Majaji hao wanateuliwa na rais, wanathibitishwa na Seneti, na wanakaa maisha yao yote kama hawakujiuzulu au kuondolewa.

Sasa rudi nyuma uangalie umebeba nini: Kongresi inatunga sheria, rais anasimamia utekelezaji, mahakama inatafsiri, hiyo ndo mihimili mitatu. Muswada wa Kongresi unazuiwa na veto, veto inapinduliwa na theluthi mbili, sheria inafutwa na mahakama, jaji anapitishwa na Seneti, hiyo ndo inaitwa kudhibitiana kwa mihimili. Ofisa akiuliza ni nini kinazuia mhimili mmoja usiwe na nguvu kupita kiasi, jibu unalo, na huna haja ya kulikariri, unauwaza tu ule muswada.

Kumshtaki rais sio kumtoa

Neno hili linapotoshwa kila siku kwa hiyo nalipa nafasi yake. Impichimenti ni mashtaka. Baraza la Wawakilishi linapiga kura, wingi wa kawaida ukipatikana rais ameshashtakiwa, lakini bado yuko ofisini anakunywa chai yake. Kesi inahamia Seneti, jaji mkuu wa Mahakama ya Juu ndo anaongoza kikao kama anayeshtakiwa ni rais aliyeko madarakani, na ili atoke inahitajika theluthi mbili ya maseneta waliopo. Andrew Johnson alishtakiwa 1868, Bill Clinton 1998, Donald Trump 2019 na tena 2021, na hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani na Seneti. Richard Nixon ambaye watu wengi wanadhani alishtakiwa, alijiuzulu Agosti 1974 kabla baraza zima halijapiga kura.

Maneno yanayodanganya sikio

Kuna maneno ukiyasikia kwa Kiingereza unadhani unayajua tayari, kumbe kwenye serikali yana kazi nyingine. Bili sio ile ya umeme, ni muswada. Pati ni chama cha siasa, na viwili vikubwa ni Demokrati na Ripablikan. Hausi ikitajwa peke yake ni Baraza la Wawakilishi, wala sio Ikulu, ingawa Ikulu nayo jina lake lina hausi ndani yake. Sekretari serikalini sio wa kupokea simu, ni waziri, sekretari wa ulinzi ni waziri wa ulinzi, wa kilimo hivyohivyo, na sekretari wa steti ni waziri wa mambo ya nje. Ila huyo huyo sekretari wa steti akiwa wa jimbo, tuseme wa Georgia au Michigan, ni mtu mwingine kabisa, hana habari na mambo ya nje, huyo ndo anasimamia uchaguzi kwenye jimbo lake. Mawaziri wote wa rais kwa pamoja ni baraza la mawaziri, kazi yao kumshauri, na tofauti na ilivyo kwingine waziri wa Marekani haruhusiwi kuwa mjumbe wa Kongresi kwa wakati mmoja, katiba inakataza, kwa hiyo seneta akiteuliwa waziri anaacha useneta.

Mwanasheria mkuu wa serikali ni yule anayeongoza wizara ya sheria, naye yumo kwenye baraza la mawaziri ingawa haitwi sekretari. Spika ni kiongozi wa Baraza la Wawakilishi, na ndo anayefuata kushika urais kama rais na makamu wote hawapo. Makamu wa rais ana kazi moja ya kikatiba ambayo watu wanaisahau, yeye ndo rais wa Seneti na kura zikifungana 50 kwa 50 anapiga ya kuvunja sare. Kamala Harris alipiga kura 33 za namna hiyo, hakuna makamu aliyewahi kufikisha nyingi hivyo.

Serikali ya shirikisho na serikali ya jimbo

Kila jimbo lina katiba yake, gavana wake, bunge lake na mahakama zake. Serikali ya shirikisho, ile ya Washington, inachapa pesa, inatangaza vita, inaunda jeshi, inasaini mikataba na nchi nyingine. Jimbo linashughulika na shule, polisi, zimamoto, leseni ya udereva, mipango ya ardhi. Marekebisho ya 10 ya katiba ndo yanasema mamlaka ambayo shirikisho halikupewa yanabaki kwa majimbo au kwa wananchi. Chini ya jimbo kuna kaunti na miji, yenye mameya na mabaraza yao. Hii sehemu ikague kwa maisha yako, ukienda kuchukua leseni ya gari unaenda ofisi ya jimbo, ukienda kufanya intavyuu ya uraia unaenda ofisi ya shirikisho, tofauti unaiona kwenye nembo ya mlangoni kabisa.

Uchaguzi na ile hesabu ya 270

Uchaguzi wa rais unafanyika kila miaka 4, Jumanne inayofuata Jumatatu ya kwanza ya Novemba, na anaapishwa tarehe 20 Januari. Mihula miwili tu ya kuchaguliwa, marekebisho ya 22 ya mwaka 1951. Anatakiwa awe na miaka angalau 35, raia wa kuzaliwa, na awe ameishi Marekani miaka 14.

Kabla ya Novemba kuna kura za mchujo, ambapo vyama vinachuja wagombea wao, na kuna majimbo yanatumia mikutano badala ya masanduku, hiyo inaitwa kokasi, Iowa ndo wanaojulikana zaidi kwa hilo. Uchaguzi wa katikati ya muhula unafanyika rais akiwa na miaka 2 madarakani, Baraza la Wawakilishi lote linachaguliwa na theluthi ya Seneti, rais hayupo kwenye karatasi ila watu wanapiga kura kana kwamba yupo.

Kinachowavuruga watu ni wajumbe wa uchaguzi. Mwananchi hamchagui rais moja kwa moja, anachagua wajumbe wa jimbo lake watakaompigia rais. Idadi ya wajumbe wa jimbo ni wawakilishi wake ukijumlisha na maseneta wake wawili, kwa hiyo California 54, Wyoming 3. Jumlisha 435 na 100, ongeza 3 za Washington D.C. iliyozipata kwa marekebisho ya 23 ya mwaka 1961, unapata 538, na nusu yake ukiongeza moja ni 270. Majimbo 48 na D.C. wanampa mshindi wajumbe wote hata akishinda kwa kura kiduchu, Maine na Nebraska ndo wanagawa. Ndo maana mtu anaweza akapata kura nyingi za wananchi na akashindwa, Al Gore 2000, Hillary Clinton 2016. Ukiielewa hesabu hii hutashangaa tena kwa nini wagombea wanahamia Pennsylvania wiki nzima na California wanaipita tu.

Neno jingine la uchaguzi utakalolisikia sana ni jerimanda, kuchora mipaka ya distrikti kwa hila ili chama chako kishinde viti vingi. Limetokana na Elbridge Gerry, gavana wa Massachusetts, aliyesaini ramani mwaka 1812 yenye distrikti iliyojikunja ikafanana na salamanda, mnyama mwenye umbo kama la mjusi, gazeti likaunganisha jina lake na la yule mnyama.

Haki, na sehemu ya kuwa makini kuliko zote

Watu wanachanganya Tangazo la Uhuru na Katiba. Tangazo ni 1776, tarehe 4 Julai, mwandishi mkuu Thomas Jefferson, linasema makoloni yameachana na Uingereza. Katiba iliandikwa Philadelphia 1787, ndo sheria kuu ya nchi, inaunda serikali. Imerekebishwa mara 27. Marekebisho 10 ya kwanza ya mwaka 1791 yanaitwa Tamko la Haki. La kwanza peke yake lina uhuru wa aina tano, kusema, dini, vyombo vya habari, kukusanyika, na kuilalamikia serikali. La pili haki ya kuwa na silaha. La tano, kwa ufupi, hulazimishwi kujitoa ushahidi dhidi yako mwenyewe. Yanayohusu kupiga kura ni manne na yajue kwa miaka yake: la 15 mwaka 1870, huwezi kunyimwa kura kwa sababu ya rangi, la 19 mwaka 1920 wanawake, la 24 mwaka 1964 hakuna kodi ya kupigia kura kwenye uchaguzi wa shirikisho, la 26 mwaka 1971 miaka 18.

Kujibu swali la wajibu wa raia pekee, sema kupiga kura kwenye uchaguzi wa shirikisho na kukaa kwenye jopo la mahakama, lile la wananchi wanaosikiliza kesi. Kulipa kodi na kutii sheria sio ya raia peke yao, hata wewe mwenye grini kadi yanakuhusu. Wanaume wa miaka 18 mpaka 25 wanatakiwa wawe kwenye daftari la uandikishaji wa jeshi, na hilo halingojei uraia.

Sasa hapa naomba utulie. Wakati bado una grini kadi usijiandikishe kupiga kura, hata kama mtu amekuja na fomu na tabasamu nje ya duka, hata kama ofisi ya leseni za udereva imekuuliza. Ofisi hizo kwenye majimbo mengi zinauliza kwa sababu sheria ya mwaka 1993 inazitaka ziwape watu nafasi ya kujiandikisha, na karani anaweza akauliza haraka haraka, wewe ukaitikia ndiyo bila kuelewa neno, na kumbe umejaza kwamba ni raia. Fomu N-400 inauliza wazi kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura na kama umewahi kudai kuwa raia, na jibu la ndiyo linaweza kukuletea matatizo makubwa zaidi ya kukataliwa uraia. Ukipata barua ya kuitwa kwenye jopo la mahakama usiitupe wala usiende tu, kuna sehemu ya kujaza kwamba wewe sio raia, jaza, rudisha, baki na kopi. Na kama jambo hilo limeshatokea, tafuta mwanasheria wa uhamiaji kabla hujatuma N-400, sio baada.

Maneno ya fomu yenyewe

Kosa la kawaida ni kusoma maswali 128 mpaka unayaota, halafu unaangushwa na maswali ya fomu yako mwenyewe. Ofisa anapitia N-400 na wewe kwa Kiingereza na anaweza akasimama akuulize neno fulani maana yake nini. Hapo anapima Kiingereza chako, na ukijibu tu hapana hapana hapana mpaka mwisho anajua huelewi. Yatayarishe kwa maneno mepesi: utii kwa nchi ni kuwa mwaminifu kwake. Kiapo ni ahadi rasmi. Kutesa kwa sababu ya dini au kabila ni kumwonea mtu kwa alivyo. Mauaji ya kimbari ni kuua watu wengi kwa lengo la kuliangamiza kundi lao. Chama cha kiimla ni kile kinachotawala bila kuruhusu upinzani. Kufukuzwa nchini ni serikali kukurudisha ulikotoka. Kubeba silaha, kwenye swali la kiapo, maana yake kuitumikia Marekani jeshini pale sheria itakapotaka, na pamoja nayo yanaulizwa mengine mawili, huduma ya jeshi isiyo ya kupigana na kazi muhimu kwa taifa chini ya uongozi wa kiraia. Chukua fomu uliyoituma, pigia mstari kila neno usiloweza kulieleza kwa sentensi moja fupi ya Kiingereza, anza na hayo.

Kusoma na kuandika sio kazi kubwa, unapewa sentensi mpaka tatu unatakiwa usome moja vizuri, na vilevile kuandika moja kati ya tatu anazokusomea, maneno yake yako kwenye orodha fupi ya USCIS.

Namna ya kufanya mazoezi

Mazoezi yangu ninayoyapendekeza ni ya mdomo. Mwambie mtu wa nyumbani akuulize bila mpangilio, arukeruke, na kila ukijibu akuulize "kwa nini?" mara moja. Maseneta wangapi? 100. Kwa nini? Majimbo 50 mara mbili. Ukishindwa hiyo ya pili jibu lako ni la kukariri na litapotea siku ukiwa na woga. Ukiona habari yoyote ya Marekani kwenye simu jiulize ni mhimili upi unaotajwa na nani anaweza kuuzuia. Serikali ikifungwa, kwa mfano, kama ilivyofungwa siku 35 kati ya Desemba 2018 na Januari 2019, ujue Kongresi na rais wameshindwa kukubaliana sheria ya matumizi, kwa hiyo ofisi nyingi hazina ruhusa ya kutumia pesa. Rais akitoa amri ya kiutendaji ujue hiyo sio sheria ya Kongresi, rais mwingine anaweza akaifuta kesho yake, na mahakama inaweza ikaizuia.

Kuna majibu yanayobadilika na haya usiyachukue kwenye video ya mwaka juzi: rais, makamu, Spika, jaji mkuu, gavana wako, maseneta wako wawili, mwakilishi wako. Mwakilishi unampata kwenye tovuti ya house.gov kwa kuweka zipu kodi yako, yaani namba ya posta ya unapoishi, na ukihama mtaa unaweza ukawa umehama na distrikti, kwa hiyo angalia tena. Anayeishi Washington D.C. jibu lake la maseneta ni kwamba D.C. haina. Yahakiki wiki ya intavyuu, uchaguzi ukiwa umepita karibuni ndo zaidi.

Ukikosa sehemu mojawapo, Kiingereza au maswali ya serikali, unaitwa tena ndani ya siku 60 mpaka 90 na unarudia ile uliyokosa tu. Ukifaulu bado wewe sio raia mpaka siku ya kiapo, kwa hiyo ile habari ya kujiandikisha kura isubiri mpaka hapo, hata kama barua ya kukubaliwa iko mkononi. Siku ya kiapo unarudisha grini kadi na unapewa cheti cha uraia, soma jina lako na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi kabla hujatoka ukumbini, kikiwa na kosa waambie palepale.